Anamwaga uji, anaita dada

Shangazi, shikamoo.

Muda mrefu nimekuwa nikisoma tu majibu unayowapa wenzangu. Leo na mimi yamenifika. Nina watoto 2. Wa kwanza ni wa kiume, ametimiza miaka 5 mwezi wa tatu, na mdogo wake wa kike ana mwaka mmoja na nusu. Mimi na baba yao wote ni waajiriwa. Tunaishi Tabata na kazi yangu iko mjini, kwa hiyo natoka saa 11 na nusu alfajiri watoto wakiwa bado wamelala, na nikiwahi sana kurudi ni saa 1 usiku. Tuna dada anayetusaidia, binti wa miaka 20 kutoka Singida. Yuko nasi tangu huyu mkubwa anatambaa. Ni mtu mwema, sina la kumlaumu.

Wiki mbili zilizopita mwalimu wa darasa la awali aliniita shuleni. Akanieleza kwamba saa ya uji kijana wangu alimwaga kikombe chake chote mezani. Hakushtuka wala hakulia. Alisimama tu, mikono ameitanua isiguse nguo, akaanza kuita, "Dada! Dada!" Mwalimu akampa kitambaa, akamwambia, "Futa, baba." Akakishika kwa vidole viwili, akakitazama, kisha akamkabidhi mtoto aliyekaa pembeni yake. Mwalimu akasema si mara ya kwanza. Vitu vya kuchezea haokoti, viatu anasubiri avuliwe. Na wiki ile ile alimsukuma mwenzake kwenye bembea mpaka akachubuka goti. Alipoambiwa aombe msamaha alisema "samahani" huku ameshaanza kukimbia.

Sikufichi Shangazi, nilikasirika. Nilijiambia nalipa ada mtoto asome, silipi ili adeki. Lakini kwenye daladala wakati wa kurudi moyo haukutulia, nikaamua Jumamosi nimwangalie mwenyewe. Amemaliza kula, kainuka, sahani kaiacha. Nguo kazivua, kaziacha pale pale zilipoangukia. Nikamwambia aziokote, akaita dada. Dada alikuwa jikoni anakula chakula chake, akakiacha, akaja. Akamwambia kwa upole, "Okota na wewe basi, tusaidiane." Mtoto akajibu, "Okota wewe, ni kazi yako." Mwili wote ulinipoa. Sijui neno hilo kalitoa wapi, maana mimi na baba yake hatujawahi kulitamka.

Nikaanza kumpa biskuti kila akiokota vitu vyake. Siku 3 mambo yalikwenda vizuri. Siku ya 4 nikamtuma aniletee nepi ya mdogo wake, akaniuliza, "Utanipa nini?"

Kuna na jambo la glasi. Nilikuta moja ya glasi zangu za harusi imevunjika, nikauliza, akasema ni dada. Nikamgombeza dada vibaya mbele ya wote. Binti akanyamaza. Baada ya siku 2 nikiwa namlaza, mtoto mwenyewe akaniambia gizani, "Mama, ile glasi ilinitoka mimi." Nikamwambia asirudie kudanganya, tukalala.

Mama mkwe amekuja kutoka Korogwe, yeye anasema dawa ni kiboko, samaki mkunje angali mbichi. Baba yao anasema tumwache, mtoto wa miaka 5 ana haki ya kucheza, wajibu ni wa wazazi, na isitoshe huyu ni wa kiume, kazi za ndani za nini. Mimi niko katikati. Je, ni mapema mno kumfundisha mtoto wa umri huu kuwajibika? Na nimhamishe shule?

Mama Wawili, Tabata

*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na glasi, kwa sababu barua yako umeiandika kwa kirefu yote isipokuwa hapo, na hapo ndipo penye jambo.

Mtoto wa miaka 5 kudanganya ili akwepe kugombezwa ni kawaida ya umri. Karibu na miaka 4 ndipo anapogundua kwamba anachokijua yeye kichwani mwako wewe hakionekani, na akishagundua hivyo atajaribu kukitumia. Hilo lisikutishe. La kukushangaza ni lililofuata. Siku 2 zilipita, hakuna aliyemuuliza tena, kesi imefungwa, mwenye kubeba lawama kapatikana. Na bado mtoto akalala na kitu kifuani hadi akakitoa mwenyewe. Wewe unaniuliza kama ni mapema kumfundisha kuwajibika, na yeye kwa akili yake ya miaka 5 alikuwa ameshaanza, gizani, peke yake, bila kufundishwa na mtu. Huyo si mtoto aliyeharibika. Uondoe huo wasiwasi kabisa.

Ila ulimwambia asirudie kudanganya, mkalala. Kulipokucha dada aliamka bado yeye ndiye mvunja glasi. Mtoto aliliona hilo. Akajifunza kwamba kosa ni jambo la kumalizana na mama, na yule aliyeumizwa hahesabiwi. Sasa linganisha na bembea: mwenzake kachubuka goti, yeye katamka neno analotakiwa na mwalimu, na mguu umeshaondoka. Ni somo lile lile, kalihamishia uwanjani.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni yako. Leo, mtoto akiwepo, mkae wote, umwambie yule binti: "Dada, siku ile nilikugombeza kwa glasi ambayo hukuivunja wewe. Nilikosea, na nilikosea mbele za watu. Naomba unisamehe." Uishie hapo. Usiongeze "lakini na wewe ungesema". Usimsukume mtoto na kiwiko ili naye aseme. Mwache atazame. Huenda atasema siku hiyo, huenda atasema baada ya wiki, na huenda asiseme chochote, aende tu kukaa karibu na dada yake. Yote ni sawa.

Nilifundisha chekechea Tanga miaka 26. Mwaka mmoja zilipotea penseli za rangi nilizozinunua kwa fedha yangu, nikamtilia shaka mtoto mmoja, nikampekua mfuko wa shule mbele ya wenzake. Hazikuwemo. Kesho yake nikazikuta nyuma ya kabati, nilizisahau mwenyewe. Niliketi mkekani na watoto, nikamwita yule mtoto kwa jina, nikamwomba msamaha mbele ya wale wale waliokuwapo nikimpekua. Alinitazama muda mrefu, halafu akasema, "Haya." Wiki hiyo nikaanza kusikia darasani maneno ambayo sikuwa nikiyasikia: "Mwalimu, ni mimi nilimwaga." "Mwalimu, ni mimi nimechana." Sikuwa nimewapa somo lolote la ukweli. Walikuwa wameona kwamba mtu mzima anasema "ni mimi" na anaendelea kuwa mwalimu wao.

Sasa hilo la "ni kazi yako". Unasema hamjawahi kulitamka, nami nakuamini. Mtoto wa umri huo hasubiri kutamkiwa, anasoma nyumba inavyokwenda. Umeandika kwamba dada alikuwa jikoni anakula chakula chake, akakiacha kuja kuokota nguo. Uliandika kama jambo la kupita tu. Kijana wako kila siku anaona kwamba kuna watu wa mezani na kuna mtu wa jikoni, kwamba wa jikoni chakula chake kinaweza kukatizwa na wa mezani hakikatizwi. Kwa alichokiona, jibu alilolitoa ni sahihi kabisa. Ukitaka abadili maneno, badili alichokiona. Mkiketi kula usiku, dada akae nanyi. Akila, hakatizwi na mtu.

Najua nyumba nyingi hazifanyi hivyo, na najua mama mkwe atakutazama. Fanya tu.

Baada ya hapo tuje kwa mtoto mwenyewe. Kwa maoni yangu kijana wako hakupungukiwa adabu, amepungukiwa kazi. Nyumba nzima hakuna jambo hata moja ambalo asipolifanya yeye litakwama. Na mtu asiyetegemewa kwa lolote, awe na miaka 5 au 50, atajuaje uzito wa wajibu?

Wazee wetu walikuwa na neno. Walimsifu mtoto kwa kusema "huyu anatumika". Maana yake hawakusifu wepesi wa miguu peke yake. Mtoto anayetumika ukimpa ujumbe anaufikisha wote, ukimpa chenji anairudisha, akikuta mwenye nyumba hayupo anatumia akili yake. Robert Serpell, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Zambia miaka mingi, aliwauliza watu wazima wa vijiji vya Wachewa ni mtoto yupi wangemchagua kwa kazi muhimu, na kwa nini. Akakuta kwamba neno lao la akili, *nzelu*, limebeba pande mbili: wepesi wa kufahamu, na kuaminika ukitumwa. Upande huo wa pili wanauita *tumikila*. Lisome tena hilo neno, mwanangu, halihitaji mkalimani. Kwao, kama ilivyokuwa kwetu, mtoto mwerevu asiyetumika akili yake bado ni nusu.

Tena hamu ya kutumika mtoto huja nayo. Mwangalie huyo binti yako wa mwaka na nusu. Mwaka 2006 watafiti Felix Warneken na Michael Tomasello walichapisha majaribio waliyofanya na watoto wa miezi 18, umri wake kamili. Mtu mzima anaanika nguo, kibanio kinamdondoka, anakinyooshea mkono hakifikii. Au mikono yake imejaa majarida na mlango wa kabati umefungwa. Hakumwomba mtoto, hakumwahidi kitu. Karibu watoto wote walisaidia angalau katika jambo moja, wanainuka wanakwenda kuokota, wanakwenda kufungua. Nina hakika na binti yako hufanya hivyo, huburuta ufagio mrefu kuliko yeye, hutaka kushika mwiko. Na sisi tunamwambiaje? "Acha, utachafua! Dada, mtoe huyu hapa!" Tunamfukuza kwenye kazi miaka 3 mfululizo, kila siku, kisha akifika miaka 5 tunamwita mvivu.

Kijana wako alipitia hapo hapo. Alipokuwa na hamu mlikuwa na haraka. Sikulaumu, mwanangu, mtu anayetoka nyumbani saa 11 na nusu alfajiri haraka yake naijua. Lakini wewe huyo wa pili usimfukuze.

Biskuti uziache leo hii. Watafiti hao hao mwaka 2008 walirudi na watoto wa miezi 20. Waliokuwa wakipewa kitu cha kuchezea kila wakisaidia, walipoacha kupewa walisaidia kidogo kuliko wale ambao hawakuwahi kupewa chochote. Wewe hukuhitaji maabara, ulilipata jibu sebuleni siku ya 4: "Utanipa nini?" Ulipomlipa, ulimwambia bila kusema kwamba kuokota vitu vyake ni kazi ya mtu mwingine ambayo yeye anaifanya kwa ujira. Akikuuliza tena, mjibu bila hasira, "Sikupi kitu. Mdogo wako amelowa, nepi inahitajika." Ukiletewa, mwonyeshe mdogo wake alivyotulia baada ya kubadilishwa. Hayo ndiyo malipo ayaone.

Kazi gani sasa? Ningeweza kukutajia nyingi, kupanga viatu vya wote mlangoni, kumwagilia mchicha, kuchambua maharage, kukunja soksi. Lakini kwa mtoto huyu, na kwa nyumba hii, nachagua moja tu, nayo ni kunawisha.

Mnunulie jagi dogo la plastiki la lita moja, lenye mkono anaoweza kuushika vizuri, na beseni jepesi. Taulo dogo alitundike begani. Kila usiku kabla ya kula, yeye ndiye mwenye kunawisha. Umfundishe Jumamosi mchana, bila wageni wala haraka. Maji ya uvuguvugu, jagi lisijae, nusu linatosha. Mwanzoni wewe ushike beseni, yeye amimine. Mwonyeshe kwamba anayemiminiwa hatazamwi usoni, inatazamwa mikono yake: akiisugua unainua jagi, akiitoa mbele unamimina, akiikung'uta basi, unampa taulo. Anza na mkubwa kuliko wote. Akiwepo bibi ni bibi. Kisha baba, kisha mama, kisha dada. Mdogo wake mwisho, na huyo amnawishe taratibu maana ataitumbukiza mikono yote miwili.

Nimeichagua kazi hii kwa sababu haifanyiki bila kumwona mtu. Vitu vya kuchezea ataviokota huku akili iko kwenye katuni. Kunawisha hakuwezekani hivyo. Ukimsahau mwenzako maji yanakwenda kwenye nguo zake. Atagundua kwamba mikono ya bibi inatetemeka kidogo na maji yanatakiwa yaende polepole. Atagundua kwamba mikono ya dada ina alama ya kuungua na mafuta, na atauliza, na dada atamweleza. Hiyo alama imekuwepo siku zote. Alikuwa hana sababu ya kuitazama.

Na usiku wa kwanza atakaomnawisha dada, msicheke na msipige makofi. Iwe kawaida. Dada aseme "ahsante, baba" kama anavyosema bibi.

Maji yatamwagika. Kwa hiyo pigilia msumari ukutani, usawa wa kifua chake, na kitambaa chake kitundikwe hapo. Na hapa namgeukia mwalimu wako, ambaye ulimkasirikia. Alifanya vizuri, tena alikuwa anafanya kazi unayomlipia. Mtaala wa elimu ya awali wa Tanzania wa 2016 uliweka kuhusiana na wengine, kutunza afya na kutunza mazingira katika umahiri mkuu, bega kwa bega na dhana za hisabati. Kufuta meza ni darasa. Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mwaka 1907, katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma, kufagia, kufuta vumbi na kumimina maji yakawa masomo kamili, kwa vyombo halisi vinavyolingana na mkono wa mtoto. Alichokosa mwalimu wako ni kimoja tu: alisema "futa" kwa mtoto ambaye hajawahi kufuta. Kumkabidhi mwenzake si jeuri, kile kitambaa hakukijua ni cha nini.

Kwa hiyo mfundishe kufuta kama unavyomfundisha kuandika "a". Kitambaa kinakunjwa mara mbili. Kinawekwa juu ya maji na kubonyezwa kwanza, hakisuguliwi, kwa sababu ukisugua maji yanakimbilia upande wa pili. Kisha unakivuta kuelekea kwako. Kisha unakwenda kwenye ndoo, unakikamua, mkono mmoja unakwenda huku na mwingine kule, mpaka tone la mwisho. Watoto wanapenda sana kukamua, utaona, huenda meza ikafutwa mara tano. Akimaliza, sehemu ikabaki na michirizi, usiipitie tena mbele ya macho yake. Akikuona unarudia, ataelewa kwamba kazi yake ilikuwa ya mchezo. Ipitie akishalala ukitaka.

La bembea. Hapa naomba usikilize kwa makini, maana wazazi na walimu wengi tunalikosea, na mimi nililikosea miaka mingi. Tunakimbilia "sema samahani". Lakini samahani ni ombi: aliyekosa anataka apewe kitu, anataka aachiliwe. Mtoto amejua kwamba ni neno la kumtoa kwenye matatizo, ndiyo maana analisema akikimbia. Kiswahili kimetupa neno jingine linalotangulia, nalo ni pole. Pole haiombi kitu, inatoa. Na huwezi kusema pole ya kweli bila kutazama umemuumiza wapi. Kwa hiyo akimwangusha mtoto, mshike mkono mrudi wote pale kwa aliyeanguka. Chuchumaeni. "Tazama goti lake. Linatoka damu. Unadhani anahitaji nini?" Na umsubiri ajibu. Maji. Kitambaa. Kuinuliwa. Kuitiwa mwalimu. Akilete yeye hicho kitu kwa mkono wake, amwambie "pole". Samahani itakuja baadaye, na ikija itakuwa na uzito. Mweleze na mwalimu, mkubaliane, ili shuleni na nyumbani liwe jambo moja.

Shule usimhamishe.

Sasa mama mkwe. Mheshimu, na usibishane naye mbele ya watoto. Ila hiyo methali ya samaki naisikia ikitumika kuhalalisha kiboko, na sikubaliani. Mimi ni mtu wa pwani, samaki nimewakunja. Samaki mbichi hukunjwa kwa mikono miwili, polepole, ukifuata mgongo wake ulivyo, na ukimlazimisha anakatika. Kiboko kitamfanya mtoto aokote nguo, nakubali, na kitamfanya aokote palipo na mwenye kiboko. Tena kumbuka glasi. Kama angechapwa kwa kusema ukweli usiku ule, ule ungekuwa ukweli wa mwisho kukuletea kitandani. Bibi mpe kazi anayoijua kuliko sote: amfundishe mjukuu namna ya kunawisha wakubwa kwa heshima, apige goti kidogo au ainame kama desturi yenu ilivyo. Utashangaa jinsi atakavyokuwa upande wako.

Baba yao ana hoja, nisimpuuze. Kucheza ni haki ya mtoto, na kazi ninayoieleza haichukui hata robo saa. Lakini aliposema mtoto ana haki tu na wajibu ni wa wazazi, hapo amekosea hata kisheria. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ambao Tanzania imeuridhia, una kifungu cha 31 kinachotaja majukumu ya mtoto kwa familia yake na jamii, kulingana na umri na uwezo wake. Hayo maneno ya umri na uwezo ndiyo mpaka. Ndoo ya lita 20 kichwani siyo. Kushika jiko la moto siyo. Kumgeuza awe yaya wa mdogo wake kutwa nzima siyo. Na hilo la mtoto wa kiume, mwulize baba yao swali moja tu siku mkiwa wawili na mmetulia: siku mama ya hao watoto akiugua, anataka kijana wake awe mtu anayejua kumpa maji, au awe mtu anayesimama mlangoni akiita dada? Kisha aanze yeye kupeleka sahani yake jikoni. Mtoto wa kiume hutazama mikono ya baba kuliko anavyosikiliza mdomo wa mama.

Sitaki nikudanganye kwamba yatakwenda moja kwa moja. Siku za mwanzo atafurahia jagi kama kitu kipya. Halafu, katika wiki ya pili hivi, kuna usiku atakuwa amechoka, au katuni imenoga, atasema "sitaki, anawishe dada". Dada atainuka, maana amezoea. Mshike mkono akae. Usipaze sauti, usihesabu moja mpaka tatu, usimtishe na bibi wala kumwahidi kwamba kesho mtakwenda ufukweni Coco Beach. Mwambie mara moja, kwa sauti ile ile ya kila siku, "Baba, tunasubiri maji ya kunawa." Kisha msubiri kweli. Wote mezani, mikono mapajani, chakula kimefunikwa, mtu asiguse kijiko. Baba yao umemweleza mapema ili asivunje. Zungumzeni mambo yenu, habari za kazini, za Singida, za Korogwe, bila kumtazama. Wali utapoa kidogo. Mdogo wake atalia njaa, na mkubwa atamsikia anavyolia. Msimwitie tena. Msubiri mpaka msikie jagi linainuliwa.